Gonga Mara Sita

Hospitali ya Ibra, chumba cha tatu mkono wa kushoto,
Jumatatu na Jumatano, saa nne za asubuhi.
Sumaya wa Nizwa anapanga kadi mezani
kama anayegawa karata:
fil. Kalb. Dhib. Nimr.
Mama anazitazama. Mdomo umekwenda upande
tangu usiku ule wa Shaabani alipoanguka jikoni
na sufuria ya bokoboko ikiwa motoni.

Neno la Kiarabu analiona, analifuata, analikaribia,
kisha linamfungia mlango usoni.
Fil: lam imegoma kwenye ncha ya ulimi.
Kalb: herufi mbili zimekumbatiana kizingitini,
hakuna pa kupita.
Miaka hamsini amenunua samaki kwa lugha hii,
amewapa watu mkono wa tanzia kwa lugha hii,
na leo imemvuka kama pete
kwenye kidole kilichokonda.

"Nyumbani mlisema nini?" Sumaya aliniuliza.
Nikaona haya kidogo, haya za zamani, za uwanja wa shule.
Nikamwambia: kwetu tulisema kirefu.

Basi kadi zimepinduliwa,
na mimi nachora nyuma yake kwa penseli
(vibaya, nungunungu wangu kama mto wa sindano)
wanyama wa Wete, ambao sijapata kuwaona
ila mdomoni mwake.

Kila silabi, gonga goti.
Nu. Ngu. Nu. Ngu.
Mara nne, na mara zote nne mlango u wazi.
Ndivyo ilivyojengwa lugha yake:
kila chumba kina upenyo,
pumzi iingie huku, itokee kule.
Ki-mu-li-mu-li: taa inawaka, inazimika, inawaka.
Ki-lu-wi-lu-wi: neno linatikisa mkia majini.
Sumaya anagonga naye, hajui anachokiita,
anacheka kama mtoto aliyepewa ngoma.

Kwenye kakakuona Mama akasimama katikati.
"Kaka," akasema.
Akatafuta dirishani, akatafuta usoni kwangu
kama mimi ndiye niliyemficha.
"Kaka." Kimya. Feni. "Kuona."
Sumaya akaandika daftarini: silabi tano, hongera.
Sikumtafsiria.
Mjomba Hilali alibaki Wete, hakupanda meli,
na barua yake ya mwisho iliandikwa na mtu mwingine.

Niliikunja ile kadi nikaitia mkobani.

Jumatano iliyofuata hatukuwa na hamu, wala yeye wala mimi.
Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye beseni.
Mama kainamisha kichwa, nadhani kalala,
mara mkono mzima ukainuka
ukaelekea ukutani, nyuma ya saa,
pale palipotokeza mkia mweupe.
Akavua kandambili.
Akaigonga meza:
M! Ju! Si! Ka! Fi! Ri!
Mara sita, kadi zikaruka, chai ikamwagika,
muuguzi akachungulia mlangoni.
Mjusi alikuwa keshaingia tundu lake zamani.
Mama anahema, jasho, shungi limeteleza,
mdomo bado upande,
lakini upande ule wenye kicheko.

Garini, njia ya kurudi, hakusema kitu.
Tulipozunguka kwenye mzunguko wa soko
ndege wawili wadogo wakakata mbele ya kioo, mikia ya mkasi.
Nikaona vidole vyake vimeanza kujikunja mapajani,
kimoja, kimoja, vile alivyokuwa akipima mizani
kabla ya kuwatungia maharusi wa watu.
Vidole vinane. Polepole, kwa kigugumizi:

Mbayuwayu karejea

Nikapunguza mwendo. Nikazima redio.
Ni kipande kimoja tu, mshororo unadai cha pili.
Lori la tende lilikuwa nyuma yangu, linapiga honi.
Nikaliachia lipite.